Laini Si Mtu

Mtu aliyeacha chuo na anaishi kwa kuandika hana ofisi, hana bosi wa kumtetea, hana cheti ukutani. Mimi nina akaunti ya barua pepe. Humo ndimo waliko wahariri, ankara na kila makala niliyowahi kulipwa. Kwa miaka mlango wake ulilindwa na nenosiri pamoja na tarakimu sita zinazoletwa kwa meseji.

Shida ni kwamba hizo tarakimu zinatumwa kwa laini, na laini si mtu. Tapeli mwenye jina lako na namba ya kitambulisho, vitu tunavyoandika kwa daftari la kila askari wa geti hapa Nairobi, anaweza kumshawishi mhudumu ahamishe laini yako kwenye kadi mpya. Simu yako inakosa mtandao, unadhani ni stima imepotea mtaani, kumbe yeye anasoma meseji zako. Agosti 2019 ilimpata Jack Dorsey, akiwa bosi wa Twitter yenyewe. Na hata bila mwizi, ukikaa sana bila kuweka krediti, namba yako hupewa mtu mwingine.

Programu inayotoa tarakimu ndani ya simu ni afadhali, maana hazipitii laini. Lakini ukiziandika kwenye ukurasa feki, tapeli anaziingiza kwa ule halisi kabla sekunde 30 hazijaisha.

Kinachomshinda ni ufunguo usioandikwa, yaani paskii. Siri inakaa kwa simu yako, unaifungua kwa kidole au PIN, nayo inaitikia tovuti iliyosajiliwa tu. Ukurasa feki ukiita, hakuna wa kujibu. Mwaka 2017 Google iliwataka wafanyakazi wake watumie funguo za kuchomeka kwa kompyuta, zinazofuata kanuni hiyo hiyo. Mwaka 2018 ikasema kati ya zaidi ya watu 85,000, hakuna aliyenaswa kwa ukurasa feki kwenye akaunti ya kazi.

Lakini simu hunyakuliwa kwa dirisha la matatu. Kwa hivyo sajili paskii ya pili kwa kifaa kingine na uandike tarakimu za dharura kwa karatasi. Halafu ndiyo uondoe namba ya simu kwenye njia za kurejesha akaunti. Ukiiacha, umeweka mlango wa chuma na dirisha liko wazi.

Karatasi yangu iko kwa sanduku la shosho, kijijini. Hajui ni ya nini. Mwizi akiitaka, itabidi kwanza anywe chai.