Nyumba Isiyokanyaga Udongo

Mtu aliyezaliwa Nyakoe hufundishwa mapema kwamba nyumba ni kitu kinachosimama juu ya udongo wa baba yake. Kwetu, kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Kisumu, migomba imesongamana vilimani, na watu wamesongamana kuliko migomba. Shamba alilolima babu yangu liligawanywa kwa wanawe, nao wakawagawia wana wao, hata fungu langu mimi naweza kulizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa kikombeni. Hata hivyo hapana aliyedhani kuwa ningejenga mahali pengine. Kwa hiyo mwaka 2021 nilipomweleza Tata, kama tumwitavyo baba katika Kigusii, kwamba nataka kununua nyumba Nairobi, tena katika orofa ya pili, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, nyumba hiyo imekanyaga udongo gani?"

Swali hilo lilinitia haya, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Sikutaka nyumba hiyo kwa ajili ya fahari. Nilipotoka chuo cha ualimu nilipewa kazi katika shule moja ya Nairobi, na kwa miaka mingi mimi, mke wangu na watoto wetu wawili tuliishi katika vyumba viwili vya kupanga. Mama alipokuja mjini kutibiwa macho, tulimlaza juu ya kochi sebuleni. Asubuhi alisema amelala vizuri. Lakini nilimwona akiushika ukuta ili apate kunyoosha mgongo. Katika desturi yetu mgeni hupewa mahali pema, na mzazi si mgeni. Siku ile mimi na mke wangu tuliazimia kutafuta nyumba yenye chumba cha mama.

Tuliipata Ngara. Jumba lenyewe lilijengwa kwa mawe katika miaka ya 1950, nalo lilikuwa limechakaa: rangi imebanduka, na ngazi zimelika katikati kwa nyayo za watu. Lakini wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Ndani mlikuwa na vyumba vitatu vya kulala, dari ya juu, sakafu ya vijiwe iliyosuguliwa ikang'aa, na roshani pana iliyotazama barabara. Watoto walikimbia sebuleni toka upande huu hata upande ule, wakacheka kwa kusikia mwangwi wa sauti zao. Kwa fedha zile zile, katika majumba mapya tungalipata nusu ya nafasi hiyo.

Mtaa nao ulitupendeza. Chini ya jumba Msomali aliuza vitambaa, na kando yake Mjaluo alitengeneza redio. Mama wa Kikikuyu alipanga nguo za mitumba tangu alfajiri. Katika orofa ya tatu aliishi bibi mmoja wa Kigujarati aliyezaliwa papo hapo Ngara, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kale kuliko changu. Jioni harufu ya bizari ilipanda pamoja na moshi wa mahindi ya kuchoma, na adhana ikasikika kwa mbali.

Haikuwa hivyo siku zote. Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899, na serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa rangi za watu. Wazungu walichukua vilima vya magharibi, Wahindi wakawa Ngara na mitaa jirani, Waafrika wakasukumwa mashariki. Pangani, karibu na Ngara, palikuwa na kijiji cha Waafrika wa makabila mbalimbali. Kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Baada ya uhuru wa 1963, na hasa baada ya sheria za uhamiaji na za leseni za biashara za 1967, Wahindi wengi waliondoka nchini, na watu wa makabila mengine wakaingia katika nyumba hizo. Nilipokuwa nimesimama katika sebule ile nilifikiri kwamba babu yangu asingaliweza kulala humo. Kama angalilala katika jumba lile, angalilala nyuma, katika vyumba vya watumishi.

Moyo wangu ulikuwa umekwisha nunua kabla mkono haujatia sahihi. Mke wangu ndiye aliyenizuia. "Baba watoto," alisema, "wewe huwaambia wanafunzi wasome swali mara mbili kabla ya kujibu. Je, umesoma hati?"

Tulimwendea wakili. Akatueleza jambo ambalo dalali hakulitaja: ardhi iliyo chini ya jumba haikuwa milki ya daima. Ilikuwa imekodiwa kutoka kwa serikali kwa miaka 99 tangu 1949, na muda huo ungekwisha mwaka 2048. Miaka 27 tu ilikuwa imebaki. Tena muuzaji hakuwa na hati ya nyumba yake. Alikuwa na hisa katika kampuni iliyoshika hati moja ya jumba zima. Wakili akaongeza kuwa sheria mpya ya mwaka 2020 kuhusu majumba ya namna hiyo inampa kila mwenye nyumba hati yake mwenyewe, lakini haihusu ardhi ya kukodiwa iliyobakiza muda chini ya miaka 21. Nikapiga hesabu: wenye nyumba wote kumi na wawili walipaswa kukubaliana, kumwita mpimaji na kupeleka maombi yao kabla ya mwaka 2027. Nao hawakuwa wamekutana hata mara moja.

Usiku ule sikupata usingizi. Akiba ya miaka kumi na moja, pamoja na mkopo wa chama cha walimu, ilikuwa karibu kuingia katika kitu chenye tarehe ya kufa. Niliona kuwa swali la Tata halikuwa la ushamba. Lilikuwa ndilo swali la wakili, ila yeye aliliuliza bila ada.

Nilimwomba Tata aje aione nyumba. Alipofika hakusifu vyumba wala hakuvilaumu. Alitaka kupanda darini. Huko juu alikuta mfereji wa maji ya mvua umezibwa na majani, na maji yamesimama pale yakiipenyeza dari ya yule bibi wa Kigujarati. Tata akauliza, "Nani husafisha hapa?" Mlinzi akajibu kuwa si kazi ya mtu yeyote, kwa maana dari ni ya wote.

Tata akacheka. "Nyumbani tunagombana kwa ajili ya mpaka kwa sababu kila mmoja anautaka," alisema. "Ninyi mna mpaka ambao hapana anayeutaka. Kama wataweza kusafisha mfereji huu pamoja, nunua. Wasipoweza, rudi ukapande migomba."

Jumamosi iliyofuata nilibisha milango kumi na miwili, mimi ambaye hata mpangaji sikuwa bado. Wengine walinishangaa, na mmoja alinifungia mlango usoni. Lakini yule bibi aliteremka ngazi polepole, akasimama nami katika kila mlango, naye hakuna aliyethubutu kumfungia. Wenye nyumba tisa walikuja. Tulizibua mfereji, tukatengeneza dari kwa mchango, kisha tukaketi juu ya ndoo zilizopinduliwa tukazungumza habari za hati. Muuzaji naye, alipoona tumejua umri wa ardhi yake, alipunguza bei.

Tulinunua mwaka 2022. Ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani, ulitufilisi kwa miezi kadhaa. Watatu waliosalia walikubali baada ya mikutano mingi, na mwaka 2024 kila mwenye nyumba alipata hati yake. Tarehe ya 2048 haikufutika. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inampa mwenye ardhi ya namna hiyo, akiwa raia, nafasi ya kwanza ya kuomba muda mpya. Lakini kuomba si kupewa, na watoto wangu nimewaeleza hayo waziwazi.

Sasa mama akija kutibiwa hulala katika chumba chake chenye dirisha la mashariki. Yule bibi humletea chai ya tangawizi, nao huzungumza kwa Kiswahili ambacho si lugha ya mama ya yeyote kati yao. Tata hajaacha kuniuliza nitajenga lini Nyakoe. Nami nimepanda migomba katika fungu langu ili lisionekane limesahauliwa. Lakini kila mvua kubwa inyeshapo Nairobi yeye hunipigia simu. Hanisalimu kwanza. Huuliza, "Mfereji mmeusafisha?"