Kuhusu ile video ya Senje wa Ufaransa

Wengi wenu mlinijua kupitia ile video ya mwaka jana. Ile nimevaa koti la mamangu na miwani ya jua, naigiza shangazi wa majuu akipigiwa simu ya karo. "Halo? Halo? Mtandao unakatika, huku kuna theluji!" Ilienda mbali kuliko kitu chochote nimewahi kupost. Watu waliniandikia eti nimewasemea. Kuna msee alisema aliituma kwa kikundi cha familia yao na ikaleta vita ya wiki mbili. Nilicheka.

Huyo shangazi ni mtu halisi. Ni dada ya babangu, kwetu Vihiga tunamwita Senje. Na aliiona.

Wacha nieleze Senje anafanya nini, kwa sababu hata mimi nilipoitengeneza ile video sikuwa najua vizuri. Nilijua tu "yuko Ufaransa, ameolewa, wana kampuni." Hilo neno kampuni lilituharibu sisi wote. Ukisema kampuni nyumbani, mtu anaona geti, askari na gari la mkurugenzi.

Senje anaishi Creuse, katikati ya nchi. Kama ukisikia Ufaransa unaona ule mnara wa Paris, sahau. Creuse ni ushago kabisa. Ng'ombe wekundu, mawe, mialoni, vijiji ambavyo vijana waliondoka kitambo, na ni kati ya sehemu zenye watu wachache zaidi Ufaransa nzima. Nyumba nyingi za zamani zimenunuliwa na Waingereza na Waholanzi wanaokuja likizo, na hao ndio wateja wazuri, kwa sababu nyasi haingoji mtu arudi likizo. Mumewe hupanda miti kwa kamba, anakata matawi na kuangusha iliyokufa. Senje anakata nyasi na kupogoa ua za watu. Wana van moja, trela moja, misumeno mitatu ya injini, zile sisi huita pawaso, na mbwa. Hiyo ndiyo kampuni.

Sasa, kwetu ukitaka kuangusha blugamu unaita jamaa wa pawaso. Anakuja na sandali, bila helmeti, anafunga kamba, watoto wa kijiji wote wanakuja kutazama, mti unaanguka karibu na choo, mnalipana, jioni kila mtu ana kuni. Mimi nilidhani Ulaya ni hivyo hivyo, ila kwa euro.

Mumewe alisomea hiyo kazi na ana cheti chake. Kabla hajapanda lazima awe na bima, kwa sababu tawi likivunja paa la jirani, hiyo ni kesi ya miaka. Na mambo ya jirani huko yako kwenye sheria, si mchezo. Mti unaopita mita 2 unapaswa kupandwa angalau mita 2 kutoka kwa mpaka, labda desturi ya pale iseme vingine. Matawi ya jirani yakiingia kwako huruhusiwi kuyakata mwenyewe, unamlazimisha yeye ayakate. Lakini mizizi ikiingia unaweza kukata pale pale kwa mpaka, na tunda likianguka lenyewe upande wako ni lako. (Hii ya matunda nilimwambia baba na akasema hao Wafaransa wangekuja kutuamulia ile kesi ya parachichi na watu wa chini.) Hata majira yana sheria. Kuanzia 16 Machi hadi 15 Agosti mkulima anayepokea ruzuku ya Ulaya haruhusiwi kukata ua za miti shambani, kwa sababu ndege wanataga humo.

Hayo yote niliyajua baada ya ile video. Nirudi nyuma kidogo.

Senje alikuwa ameahidi kunilipia karo yote ya chuo, miaka minne. Alilipa semista tatu, bila kelele. Semista ya nne, Februari, alimpigia baba akasema pesa imekwama, tumpe muda. Hakusema zaidi. Baba ni mtu wa heshima zake, alisema sawa, akakata simu, na hakumpigia tena. Kwa meza yetu ikaanza kusemwa kwamba Senje amebadilika, mzungu amemfunga, ameshasahau nani alimbeba mgongoni. Mimi nikaacha chuo Machi. Julai nikatengeneza video.

Senje hakunitukana. Alinyamaza kama wiki tatu, halafu akanitumia ujumbe: "Unajua kuedit vizuri. Unaweza kututengenezea za kazi? Nitakulipa euro 60 kwa mwezi." Hiyo tu. Nilikaa na simu mkononi nikihisi joto kwa masikio. Nilikuwa nimesota, kusema ukweli, kwa hivyo nilisema ndiyo.

Basi akaanza kunitumia klipu. Mumewe akiwa juu ya mwaloni, van ikiwa imekwama kwa matope, yeye mwenyewe akiwa na mashine ya kukata ua, mvua inanyesha, pua nyekundu. Ningemkatia dakika moja safi na muziki. Baadaye akaniomba nimpigie chapa na hesabu za kazi, kwa sababu yeye huandika usiku akiwa amechoka na anakosea. Hapo ndipo nilianza kuona namba.

Kazi moja niliikumbuka vizuri kwa sababu niliichapa mara mbili. Ulikuwa mti wa frêne uliokufa nyuma ya nyumba ya mama mmoja mzee. Hiyo miti inauawa na ugonjwa wa kuvu ulioonekana Ufaransa kwa mara ya kwanza mwaka 2008, na shida ni kwamba ikifa inakuwa dhaifu na inavunjika ovyo. Huwezi kuupanda na kamba ukiamini tawi. Kwa hivyo unakodisha mashine ya kukuinua. Bei kwa mteja: euro 900. Mimi nikapiga hesabu ya haraka, zaidi ya shilingi laki moja na thelathini, siku moja! Nikasema kwa roho, si mnaona.

Halafu nikaendelea kuchapa. Mashine ya kuinua, 280. Mashine ya kusaga matawi, kukodisha, 150. Jamaa wa kusaidia chini, kwa sababu huwezi kufanya kazi hiyo peke yako, 200. Mafuta ya gari na ya pawaso, 60. Inabaki 210. Kutoka kwa hiyo 210 inatoka bima, inatoka mchango wa MSA, ule mfuko wa wakulima na watu wa bustani ambao haujali kama mwezi ulinyesha, unatoka mkopo wa van. Na siku aliyoenda kuutazama mti na kutoa bei, kilomita 40 kwenda na 40 kurudi, hiyo hakuna anayeilipa. Kesho yake mvua, hakuna kazi. Kesho kutwa upepo, hakuna kupanda.

Kuna kitu kingine kiliniuma kuliko hizo namba. Serikali ya Ufaransa humrudishia mwenye nyumba nusu ya pesa anayolipa kwa kazi ndogo za bustani, hadi gharama ya euro 5,000 kwa mwaka. Nyasi, ua, majani. Kupanda mti mkubwa na kuuangusha hakumo. Na anayefanya hizo kazi ndogo lazima afanye hizo tu, asichanganye na za miti. Ndiyo maana Senje ameandikishwa kivyake na mumewe kivyake, ingawa van ni moja. Sasa mteja mmoja mkubwa, mwenye nyumba ya ekari kadhaa, alitaka waandike kuangusha misonobari kama "bustani" kwa jina la Senje ili arudishiwe nusu. Senje alikataa. Mteja akaondoka na nyasi yake ya msimu mzima, Aprili mpaka Oktoba. Niliona jina lake likipotea kwa orodha yangu ya kuchapa. Nilimuuliza, Senje, si ungeandika tu? Akajibu, "Wakinikagua ni mimi mweusi wa kijiji kizima. Unafikiri wataanza na nani?"

Sikujibu. Mpaka leo sijui ningejibu nini.

Februari nayo ilijieleza yenyewe. Nilikuwa natafuta klipu za zamani kwenye folda aliyonipa, nikakuta picha ya mumewe hospitalini, mkono umefungwa kifuani. Tarehe ilikuwa wiki moja kabla ya ile simu ya karo. Tawi alilokuwa amelifunga kwa kamba liligeuka likamgonga bega. Alikaa miezi minne bila kupanda. Pesa ya siku aliyokuwa akilipwa kwa kuumia haikufika hata mkopo wa gari, na Senje alifanya nyasi peke yake mpaka Juni. Peke yake, mama wa miaka 47, na ile mashine.

Nilimpigia usiku huo. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Ningesema, Kukhu angelia, na babako angeniambia rudi nyumbani. Mimi sitaki kurudi." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Sasa ile sehemu ambayo nimeikwepa tangu mwanzo. Kwenye video, na kwa maswali yote mliyoniuliza, nilisema niliacha chuo kwa sababu karo ilikatwa. Karo ilikatwa kweli. Lakini Februari hiyo tayari nilikuwa na sapu tatu, na madarasa ya asubuhi nilikuwa nimeacha kuhudhuria tangu Oktoba. Hata ile semista yake ya mwisho aliyolipa, niliilala. Pengine ningeendelea, pengine ningefukuzwa. Senje alinipa kisingizio kizuri na nikakivalia koti la mamangu.

Kuna wale mtaniuliza kama sasa naenda Ufaransa. Watu wananiuliza kila siku, DM imejaa. Hapana. Sijui kupanda hata mwembe. Na nimeona Januari ya Creuse kwa klipu, giza linaingia saa kumi na moja jioni, watu wanapakia kuni za mwaloni zilizokaushwa miaka miwili ili wauze. Kwa wenye wanataka kwenda, sawa, nendeni, mimi si polisi wa mtu. Ila msichukue hesabu ya euro mara shilingi 150 mkaniambia huyo mtu ni tajiri. Mimi hiyo hesabu niliifanya nikiwa na sapu tatu.

Jumapili nilimwambia baba kuhusu bega. Tulikuwa tumekaa nje, anakamua chai kutoka kwa thermos. Alinyamaza muda mrefu. Aliuliza, "Bega la kulia au la kushoto?" Nikasema kulia. Akasema, "Hilo ndilo la kazi," akaingia ndani. Sijui kama amempigia. Sitamuuliza.

Ile video ilikuwa bado inaniletea wafuasi, na pesa kidogo pia. Nimeitoa leo asubuhi. Kwa wale mtaiuliza, hairudi, na tafadhali kama mliisave msinitumie.

Senje sijamwambia. Saa sita alinitumia klipu nne za ua wa mama mmoja wa Kiholanzi, anauliza kama zinatosha dakika moja, na kama naweza kuondoa sauti ya mbwa.