Picha za Januari na mtihani wa darasa la saba



Ndugu wasomaji, wazazi wenzangu na vijana wetu wanafunzi, leo naandika juu ya jambo lililonikaa rohoni siku nyingi. Wengine wataona nachanganya mambo matatu: mitihani ya watoto, habari za vita, na hawa waheshimiwa tunaowapigia kura. Mimi nimezaliwa Gulu katika familia ya Kinubi, nimeolewa Bombo, na kwetu mambo hayo yote yaliingia kwa mlango mmoja. Sijui namna ya kuyatenganisha.

Nianze na mtihani. Hapa Uganda mtoto akifika darasa la saba hufanya mtihani wa taifa tunaouita PLE, unaosimamiwa na baraza la mitihani, UNEB. Masomo ni manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. (Maswali ya dini yamo humo humo ndani ya Maarifa ya Jamii, mtoto anachagua ya Kiislamu au ya Kikristo.) Kila somo lina alama kuanzia 1, iliyo bora kabisa, mpaka 9. Zikijumlishwa, aliyewapita wote ana 4 na aliyeanguka kila somo ana 36. Daraja la kwanza linaishia 12.

Matokeo kwa kawaida hutoka Januari. Basi fungueni magazeti ya wiki hiyo. Kurasa kwa kurasa ni matangazo ya shule yenye picha za watoto, na chini ya kila picha namba ni moja tu: 4, 4, 4. Binti yangu mdogo alipata 9. Daraja la kwanza, tena safi, alhamdulillah. Akakaa na gazeti barazani, akalifunua mara mbili, kisha akaniuliza, "Mama, kwani mimi nimefeli?" Nikamwambia, "Hujafeli mwanangu, umefaulu vizuri sana." Akanijibu, "Sasa mbona shule imetoa picha za wale tu?"

Mniambie, mzazi anajibu nini hapo? Shule ile ilikuwa imepokea karo yangu kwa miaka 7, na ule mwaka wa mwisho ilikuwa ikiwaamsha watoto bwenini saa 10 za usiku, kabla hata ya adhana ya alfajiri, wakafanye mazoezi ya mitihani iliyopita. Likizo ikifika tunaandikiwa barua kwamba watoto wa darasa la saba wabaki, na ada ya ziada iletwe. Wizara ya elimu imepiga marufuku masomo ya likizo zaidi ya mara moja. Marufuku hutangazwa kwenye redio, na wiki hiyo hiyo barua ya shule inafika. Madrasa ya jioni ndiyo huachwa kwanza. Ustadhi wetu wa mtaani anasema anawafahamu watoto wa darasa la saba kwa kutowaona: mtoto alikuwa amefika Surat Yaasin, akatoweka mwaka mzima, na akirudi imebidi aanze tena kwenye juzuu ya Amma.

Sisemi mitihani iondolewe. Nafasi za sekondari nzuri ni chache na watoto ni wengi, lazima pawe na njia ya kuchagua. Na nitoe haki yake kwa mwenye haki: elimu ya bure ya msingi ilipoanza mwaka 1997, wanafunzi waliruka kutoka kama milioni 3 wakapita milioni 5. Watoto wengi wa Kiislamu, hasa wasichana, waliingia darasani kwa sababu ya mpango ule, na mimi nina mabinti wa shangazi zangu humo. Lakini ahadi ilitolewa kwenye kampeni za 1996, na madarasa hayakuongezeka kwa kasi ya watoto. Mwenye uwezo akampeleka mwanawe shule ya binafsi, asiye na uwezo akabaki na mwalimu mmoja mbele ya watoto 100. Kisha mwezi wa Novemba wote wanapewa karatasi ile ile.

Hii karatasi ile ile ndiyo inayonirudisha Gulu.

Dada yangu hakuondoka Gulu wakati wote wa vita vya LRA. Kijana wake alifanya PLE mwaka 2004. Vijana wa leo pengine hawajui, kwa hiyo nieleze kidogo. Kuanzia 2002, baada ya jeshi kuwafuata waasi ndani ya Sudan, mambo yalizidi kuwa mabaya. Watu zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa kambini. Shule za vijijini zilihamishwa, kadhaa zikakusanywa mahali pamoja chini ya miti na mahema. Jioni watoto kwa maelfu walikuwa wakitembea kwa miguu kuingia mjini, mkubwa amemshika mdogo, mkeka kichwani, walale kwenye baraza za maduka, kituo cha mabasi na uwanja wa Hospitali ya Lacor, kwa kuogopa kutekwa. Asubuhi wanatembea tena kurudi. Yule kijana alisoma hivyo, na watoto wa nje kidogo ya mji wote walisoma hivyo. Siku ya mtihani alikuta swali lile lile aliloliona mtoto wa Kampala aliyelala kitandani na kunywa chai ya maziwa. Alipata daraja la nne. Gazetini mkoa wetu ulitajwa kwa sentensi moja, kwamba kaskazini imefanya vibaya. Vibaya kuliko nani?

Na hapo ndipo nilipoanza kuyatazama magazeti na televisheni kwa jicho jingine. Machi 2003, Marekani ilipoivamia Iraq, kila hoteli na kinyozi hapa Bombo walikuwa na televisheni wazi usiku na mchana. Tulijua majina ya madaraja ya Baghdad. Tulibishana ni chombo gani kinasema kweli, kile chenye waandishi waliopanda vifaru vya Wamarekani au Al Jazeera iliyoonyesha majeruhi hospitalini. Ilikuwa sawa kufuatilia, wale ni ndugu zetu na damu yao ni damu. Lakini umbali kutoka Bombo mpaka Gulu ni safari ya basi ya saa chache tu, na hakuna aliyekuwa akijua jina la kambi hata moja.

Si makosa ya waandishi peke yao. Oktoba 2002 gazeti la The Monitor liliandika habari ya helikopta ya jeshi kuangushwa huko kaskazini. Jeshi likakanusha, ofisi za gazeti Kampala zikavamiwa, likafungwa kwa siku kama 10. Mwandishi mwingine akiona hayo ataandika nini? Ataandika kilichosomwa na msemaji wa jeshi: waasi kadhaa wameuawa, hali ni shwari. Tulisoma "hali ni shwari" huku dada yangu akinipigia simu kwa kunong'ona.

Hata hesabu ya maiti ni siasa. Tarehe 21 Februari 2004 waasi waliishambulia kambi ya Barlonyo, karibu na Lira. Wenyeji waliozika wanasema waliokufa ni zaidi ya 300. Jiwe la kumbukumbu lililowekwa pale limeandikwa 121. Kuna watu wanapita mbele ya jiwe lile kila siku wakijua kwamba wa kwao hakuhesabiwa.

Kisha dunia ikaamka siku isiyo yake. Machi 2012 Wamarekani fulani walitoa filamu fupi kwenye intaneti, Kony 2012, ikatazamwa mara milioni 100 ndani ya siku 6. Wakati ule waasi walikuwa wameshatoka Uganda tangu kama 2006, na watu walikuwa wanarudi mashambani. Filamu ikaonyeshwa hadharani pale Lira, watu wakaja kwa wingi, wengine kwa baiskeli kutoka mbali, wakidhani watajiona. Wakamwona baba mmoja wa Kimarekani akimweleza mwanawe mdogo nani ni mbaya. Watu walikasirika, mawe yakarushwa, onyesho likavunjika. Binti yangu mkubwa alikuwa chuoni wakati ule, rafiki zake wakimtumia ile filamu wakimwambia, "Tazama kwenu." Akaizima katikati.

Nikitaka habari ya vita ile iliyo na watu ndani yake, namkumbuka mama Angelina Atyam. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 waasi waliteka wasichana 139 katika shule ya Aboke, na binti yake akiwa mmoja. Mtawa Rachele Fassera aliwafuata porini kwa miguu, akawarudisha 109. Thelathini wakabaki. Wazazi wakaungana, wakapaza sauti mpaka nje ya nchi, na waasi wakamletea huyu mama ujumbe: nyamaza, tutakupa binti yako peke yake. Akakataa, akataka warudishwe wote. Binti yake alitoroka mwaka 2004, miaka karibu 8 baadaye. Mimi ni Mwislamu na wale ni Wakristo, lakini kila nikisikia mheshimiwa anasema amejitolea kwa ajili ya watoto wa nchi hii, huyo mama ndiye kipimo changu.

Na waheshimiwa wenyewe? Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aligundua kwamba fedha za wafadhili za kuijenga upya kaskazini zimechepushwa ndani ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ireland peke yake ilikuwa na Euro milioni 4 humo, ikasimamisha misaada, na serikali ikabidi izirudishe. Zilirudishwa kwa kodi zetu. Mwaka 2023 ikawa zamu ya mabati yaliyokusudiwa maskini wa Karamoja, mpaka mawaziri 3 wakafikishwa mahakamani. Kati ya hapo shule zilifungwa kwa korona kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, hakuna nchi iliyofunga muda mrefu kuliko sisi, na watoto walifundishwa na redio kama nyumbani kuna redio. Bunge halikusimamisha posho zake.

Kampeni zilizopita alikuja kwetu mgombea mmoja baada ya swala ya Ijumaa, sitamtaja. Akaahidi choo kipya cha shule ya serikali na madawati. Mzee mmoja wa jamaa akamwuliza kwa adabu, "Mheshimiwa, watoto wako wewe wanasoma wapi?" Akacheka, akasema hilo ni jambo la familia.

Sasa tufanye nini? Kwenye jamaa yetu tumeanza jambo dogo. Wazazi 14 tumeandika barua kwa shule wanazosoma watoto wetu tukiomba mambo mawili: mtoto asiamshwe kabla ya alfajiri, na Januari tangazo la shule liweke majina ya watoto wote waliofaulu au lisiweke picha ya yeyote. Shule mbili zimejibu. Moja imekubali hilo la kuamshwa, nyingine inasema watoto wakilala sana wazazi wengine watalalamika, na kusema kweli naamini watalalamika. Ustadhi naye amekubali kuwa na darasa la Jumapili kwa ajili ya darasa la saba peke yao, saa moja na nusu, ili wasipoteze walichohifadhi.

Kikao kingine ni Jumapili baada ya alasiri, ukumbi wa msikiti, kina mama upande wa nyuma kama kawaida. Njooni na ile barua ya shule ya masomo ya likizo, wenye nayo. Tunataka kuzikusanya zote tumpelekee afisa elimu wa wilaya, azione kwa macho yake.

Wabillahi Tawfiq.