Kutafuta Vyombo vya Karaoke: Kutoka Katuba Hadi Mjini



Leo tunawatembeza ndani ya Lubumbashi yetu wenyewe. Tunatoka Katuba, tunapita Kenya na Kamalondo, tunafika mjini kati, kisha tunarudi nyumbani. Tulifanya safari hiyo siku ya posho iliyopita, sisi watano wa kamati, kwa ajili ya mwenzetu ambaye zamu yake ya likelemba imefika.

Mwenzetu huyo ni mjane. Ana nganda ndogo mbele ya parsele yake: meza sita, friji moja, na jiko la makala la kuchomea samaki na michopo. Nganda hiyo ndiyo inayolipa minerval ya watoto wake wawili wa sekondari. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini sekondari bado inalipwa, na kila mzazi anajua uzito wake. Sasa anataka kuweka karaoke jioni za mwisho wa juma, ili wateja wakae, wale, waimbe, wasihamie kwa wengine. Likelemba imempa dola 350. Pesa hiyo imetoka kwenye mikono yetu sote, na ikipotea haitarudi mpaka zamu zote zizunguke tena. Ndiyo maana hakwenda sokoni peke yake.

Kwanza neno lenyewe. Karaoke ni neno la Kijapani: kara maana yake tupu, na oke ni kifupi cha okestra. Muziki unapigwa, nafasi ya mwimbaji inaachwa tupu, na mteja ndiye anayeijaza. Mwaka 1971, katika mji wa Kobe, mpiga muziki Daisuke Inoue alitengeneza mashine 11 akaanza kuzikodisha kwenye baa. Kwa hiyo tangu mwanzo chombo hiki kilikuwa cha baa, si cha uwanja wa mpira. Tuliweka neno hilo kichwani kabla ya kupanda basi.

Soko la Kenya lilitupokea kwa makelele yake ya kawaida. Nje ya maduka ya redio na simu, bafle zilipangwa kama askari wa gwaride, nyingine ndefu kuliko mtoto wa miaka kumi, zina taa nyekundu na buluu zinazochezacheza. Kijana mmoja alituita: "Ba mama, mukaribie! Kamata hii, iko na watti elfu tano!" Mwenzetu alishaanza kufungua kitambaa cha pesa. Mwalimu wa hesabu kati yetu akageuza sanduku na kutafuta maandishi madogo. Kumbe zile elfu tano zilifuatwa na herufi PMPO. Hicho ni kipimo cha kuvutia mnunuzi. Hakisemi kazi ambayo bafle inaweza kufanya usiku mzima. Kipimo cha kuamini ni kile kilichoandikwa RMS, na kama sanduku halina RMS, afadhali kuuliza bila haya. Kijana akacheka, akasema: "Mama, weye uko fundi!" Tukamjibu: "Mutoto yetu, tuko walimu."

Hapo tulijifunza pia hesabu moja ambayo tutawapa wanafunzi wetu. Ukitoka watti 100 kwenda watti 200, sauti haiwi mara mbili. Inapanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua kidogo. Ili sikio lisikie kama sauti imekuwa mara mbili, nguvu inatakiwa kuongezwa karibu mara kumi. Kwa hiyo anayelipa bei mara mbili kwa sababu ya watti amenunua zaidi maandishi ya sanduku. Nganda ya mwenzetu ina mita sita kwa tano. Mteja wa meza ya mwisho yuko karibu kabisa. Bafle moja nzuri yenye amplifikateri ndani yake, ya inchi 10 au 12, inatosha.

Kuna pia zile bafle za magurudumu, zenye betri ndani na mikro mbili zisizo na waya. Tusizidharau. Kwa mama anayeanza na pesa kidogo, au asiye na umeme wa uhakika, ni mwanzo mzuri, kwa maana chombo kimoja kinafanya yote. Ubaya wake ni kwamba kitu kimoja kikiharibika, vyote vinanyamaza pamoja. Ukinunua vyombo mbalimbali, mikro ikifa unabadilisha mikro tu.

Kutoka Kenya tulitembea kwa miguu mpaka Kamalondo. Vumbi jekundu lilitupaka viatu, na uwanja wa TP Mazembe, uliofunguliwa 2011, ulitutazama kutoka juu ya mapaa. Kamalondo ni sité ya zamani. Wazee wetu waliijua kwa jina la Albert, wakati mji wenyewe ukiitwa Élisabethville. Tukiwa tunapumzika na munkoyo baridi, mama mkubwa katika kundi letu alitukumbusha jambo ambalo vijana wa bafle ndefu hawalijui. Muziki uliolitoa jina la Katanga nje haukuhitaji watti. Mwaka 1952, huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco na gitaa moja kavu. Katika muziki wa gitaa wa wakati ule, mwenzake mwimbaji mara nyingi aligonga chupa ya Fanta tu, basi, watu wakakaa kusikiliza. Hata karindula ya kwetu ni banjo kubwa ya pipa na ngozi ya mbuzi. Watu walikaa kwa sababu walisikia maneno. Mteja wa karaoke naye anataka hivyo: asikie sauti yake, na wenzake waelewe maneno yake.

Ndiyo maana mjini kati hatukuanza na bafle. Tulianza na mikro. Katika duka moja upande wa Posta, muuzaji alituonyesha mikro za bei ya chini kabisa, na nyingine zenye jina la Shure SM58. Mikro hiyo ilianza kuuzwa 1966, mwaka uleule ambao mji wetu uliacha jina la Élisabethville na kuitwa Lubumbashi. Ni mikro ya kuheshimiwa duniani kote, na kwa sababu hiyo ina wadanganyifu wengi wanaoiga. Ukiambiwa SM58 kwa bei ya kilo chache za unga, jua kwamba ni jina tu lililobandikwa. Afadhali mikro yenye jina dogo iliyo ya kweli.

Tulichagua mikro mbili za waya. Zisizo na waya zinapendeza, lakini zinakula betri, na betri ni pesa ya kila wiki. Tuliomba zijaribiwe palepale. Mmoja wetu, mwimbaji wa kwaya, aliimba kwa sauti ndogo, kisha kwa nguvu, mikro ikiwa vidole viwili kutoka mdomoni. Tulitikisa waya karibu na kichwa chake kusikia kama unakwaruza. Tulifungua na kufunga kitufe mara kumi. Muuzaji alianza kuchoka, lakini vyombo vingi hapa vimepita njia ndefu, kwa magari makubwa yanayoingia Kasumbalesa, na mtu akishafika nyumbani ni vigumu kurudisha. Jaribu kwanza, lipa baadaye, na omba karatasi yenye tarehe na mhuri.

Baada ya mikro ilifuata meza ndogo ya kuchanganya sauti, yenye nafasi nne na mwangwi kidogo. Hiyo ndiyo inayoruhusu kupunguza muziki na kupandisha mwimbaji. Bila hiyo, mwimbaji anapiga kelele kushindana na bafle, na mwenye nganda anaongeza bafle kumsaidia, mpaka mtaa mzima unakosa usingizi. Picha ya maneno itatoka kwenye televizyo ya nyumbani, ikiunganishwa na kompyuta kwa waya. Tusitumie Bluetooth kwa sauti ya karaoke: mara nyingi inachelewa kidogo, na maneno kwenye kioo yanamwacha mwimbaji nyuma. Nyimbo zipakuliwe mchana, usiku zisitegemee intaneti. Na kwa nyimbo zetu za Kiswahili na Lingala ambazo hazina picha ya maneno, binti wa mwenzetu ataandika maneno kwenye daftari kwa herufi kubwa. Tusisahau pia kwamba nyimbo zina wenyewe: SOCODA ndiyo inayokusanya haki za watunzi, na mwenye nganda apange malipo hayo katika hesabu zake.

Tulirudi Katuba jioni, tukakuta hakuna umeme, au kura kama tunavyosema. Hilo nalo lilikuwa somo. Tulihesabu pamoja: bafle katika matumizi ya kawaida, televizyo, kompyuta na meza ya sauti, vyote havipiti watti 300. Jenereta ndogo ya kilowati moja inatosha, na mwenzetu ataikodi kwa jirani kila inapohitajika. Jenereta ikae nje kabisa, mbali na dirisha na mlango, kwa sababu moshi wake una sumu isiyo na harufu na unaua watu waliolala. Na kura ikirudi kwa ghafla, volti zinaweza kuruka. Ndiyo maana tulinunua regulateri kabla ya pambo lolote.

Hesabu yetu ya mwisho ni hii: bafle dola 180, meza ya sauti 60, mikro mbili 40, mguu wa bafle 20, nyaya 10, regulateri 25. Jumla ni dola 335. Dola 15 zimebaki sandukuni kwa matengenezo.

Kazi ya mwisho ilikuwa kupanga. Bafle ilisimama juu ya mguu, juu ya vichwa vya waliokaa, mbele ya mwimbaji na si nyuma yake, maana mikro ikitazama bafle inapiga yowe. Uso wake ulielekea ndani, ukapewa kisogo ukuta wa jirani. Mabati na ukuta wa simenti vinarudisha sauti kama mpira, kwa hiyo tulitundika vitenge vizito na mapazia ya zamani ukutani. Kisha tulipima kwa njia ya walimu: watu wawili wa meza moja waongee. Wakilazimika kupiga kelele, punguza. Mwaka 2022 OMS ilitoa mwongozo kwa kumbi za muziki kwamba wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Nganda ya meza sita haina sababu ya kukaribia hapo.

Nyuma ya ukuta huo anaishi babu mgonjwa, pamoja na mjukuu wake anayejiandaa kwa Mtihani wa Serikali. Sisi walimu tunawajua watoto wanaosinzia darasani asubuhi. Wengine hawakuchelewa kulala kwa kucheza, walilala karibu na bafle ya mtu. Kabla ya wimbo wa kwanza, mwenzetu alikwenda kupiga hodi kwa babu na sahani ya samaki. Babu alisikiliza, akauliza saa ya kufunga. Wakakubaliana saa nne ya usiku siku ya posho, saa mbili ya usiku siku ya Mungu, na kimya kabisa wiki za mtihani. Babu akasema: "Mwanangu, nikikosa usingizi nitapiga ukuta mara tatu." Mwenzetu akajibu: "Ndiyo, baba. Ukipiga mara moja tu, nitasikia."

Akina mama, yeyote kati yenu anayefikiria biashara kama hii, mpimie jirani wa karibu zaidi na mteja wa meza ya mwisho. Vyombo vinunuliwe kwa ajili ya hao wawili. Jumamosi hii saa kumi na mbili ya jioni nganda inafungua karaoke yake ya kwanza. Njooni mapema, leteni sauti zenu, na kila mmoja alipe samaki wake. Zamu inayofuata ya likelemba ni ya mama wa cherehani; wenye kujua bei za mashine za kushona waje na habari katika mkutano wa Jumatano.