Nyumba ya Mtaa wa 51

Ukijaliwa kufika New York, macho yako yasiishie kwenye maghorofa. Kutoka Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, lililofunguliwa mwaka 1879, fuata Mtaa wa 51 kuelekea magharibi, upande wa mto Hudson. Utaikuta nyumba ya watawa wavaao nyeupe na buluu.

Tarehe 15 Oktoba 1984, Askofu Mkuu John O'Connor alitangaza kwamba mjamzito yeyote mwenye dhiki, wa dini yoyote, aje jimboni mwake asaidiwe. Mwaka 1991 akaanzisha shirika la Masista wa Uhai. Juu ya nadhiri tatu za kawaida, hao huweka ya nne: kulinda uhai wa binadamu.

Katika nyumba hii watawa husali kila siku, na papo hapo huishi pamoja na wajawazito na wazazi wenye vichanga. Sheria ya huko imeruhusu kutoa mimba tangu 1970, na mabishano hayajakoma. Lakini wahenga wetu walinena: kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Amwombaye mama azae, basi na ampe kitanda, chakula, na mwenzi wa kukesha naye mtoto aliapo.