Nilichokitafsiri Iringa

Wadau, kuna jambo limenikaa rohoni tangu Julai 2019, acha nilitoe leo.

Nilikuwa bado chuo, likizo, nikapata kibarua cha ukalimani Iringa. Vijana wa kanisa kutoka Marekani walikuja misheni ya wiki tatu. Kwao ni kiangazi, basi jamaa wakashuka na kaptula. Iringa ya Julai, baridi ile! Mmoja alikuwa mpiga gitaa, rika langu, kipaji anacho hasa.

Siku ya kwanza akaiambia kwaya kwamba amekuja kuwafundisha kusoma muziki, maana aliambiwa huku watu huimba kwa kusikia tu. Mimi nikatafsiri: "Anasema amekuja kujifunza kwenu." Makofi, vigelegele.

Mwalimu wa kwaya, mzee wa watu, akafurahi, akampa karatasi ya nota. Herufi tupu: d, r, m, nukta na vistari. Sol-fa, mfumo uliovumishwa na mchungaji Mwingereza, John Curwen, karne ya 19, wamisionari wakautembeza duniani. Jamaa akaigeuza juu chini. Hasomi! Kwaya ikaiimba papo hapo, sauti nne.

Jioni ile hakusema neno. Siku zilizobaki akashinda na yule mzee, daftari mkononi, anajifunza kweli.

Mwaka jana aliniandikia. Anauliza wale wazee walimsameheje, mpaka wakampokea vile baada ya maneno yake.

Sijamjibu.