Deni Lililokuwa Ndani ya Kompyuta

Kompyuta mpakato iliingia nyumbani mwetu, hapa Turwa mjini Tarime, kwa ugomvi. Mtoto wa kaka yetu aliinunua kuukuu ili imsaidie katika masomo, nasi wazee tukanuna. Tuliona kwamba mlango mwingine wa filamu na nyimbo umefunguliwa katika nyumba ya watu wanaoswali, na kila usiku tulipoona mwanga wake chini ya mlango tuligonga na kuamuru izimwe. Hatukuuliza hata siku moja anatazama nini. Haya twayakiri mapema, maana yaliyofuata yalitutia haya.

Katika masika ya mwaka 2023 kaka yetu alifariki, Mola amrehemu. Alipokuwa akijiandaa kwenda kutibiwa Mwanza alimwambia mkewe, "Madeni yangu nimeyasema kwenye simu." Simu yenyewe ilikuwa ile ndogo ya vitufe, nayo baada ya mazishi haikuwaka tena, iliyosalia ni kadi yake ya kumbukumbu, ndogo kuliko ukucha. Watoto wakubwa walipoanza kuulizia ng'ombe na kiwanja, shehe wetu alitukumbusha jambo ambalo kila mmoja wetu alilijua na kila mmoja alikuwa ameliweka kando: mali ya marehemu hutoa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia, na hapo tu ndipo warithi huhesabiana mafungu yao. Thumni ya mjane na sehemu za watoto zilikuwa zimefungwa ndani ya kadi ile.

Basi tuligonga mlango wa kijana, safari hii kwa upole.

Aliichomeka kadi, na faili ikaonekana, moja tu. Programu ya kucheza sauti iliyokuja na kompyuta ilijibu kwamba haiwezi kuifungua. Shemeji yetu alidhani sauti imefutika, akajifunika uso kwa mtandio. Kijana akasema, "Mama, sauti ipo. Hii programu haijui lugha yake tu."

Maelezo yake yalitufaa, nasi twayaeleza hapa kwa kuwa nyumba nyingi zina kadi za namna hiyo masandukuni. Sauti haiwekwi katika kompyuta kama maji katika mtungi. Hubanwa kwa kanuni fulani, na programu ya kuichezesha hufanya kazi ya mkalimani. Simu nyingi za zamani ziliweka sauti katika umbo liitwalo AMR, lililokubaliwa mwaka 1999 kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Umbo hilo huchukua vipimo 8,000 tu vya sauti kwa kila sekunde, hali santuri ya CD huchukua 44,100. Hiyo ni sababu mojawapo ya faili kuwa nyepesi sana, na wakalimani wengi wa siku hizi hawana habari nayo.

Mkalimani aliyemtafuta anaitwa VLC, yule mwenye alama ya koni ya machungwa kama zile ziwekwazo barabarani penye matengenezo. Kazi hiyo ilianzishwa na wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa, mwaka 1996, na mwaka 2001 chuo kikaridhia itolewe bure kwa watu wote, pamoja na ruhusa ya kuichungua na kuirekebisha. Hubeba wakalimani wake ndani yake, haitaki malipo wala haionyeshi matangazo. Yapasa kuichukua kwa wenyewe, VideoLAN, si kwa madalali wa mtandaoni wanaoichanganya na mambo mengine. Kijana wetu nusura anaswe na mmoja wao. Uzito wake ni kiasi cha megabaiti 40, ambazo tulizilipia kwa bando la simu, na kwa mara ya kwanza hatukulalamika.

Alibofya faili kwa upande wa kulia, akachagua ifunguliwe kwa VLC. Ikanguruma mvua juu ya bati. Halafu kaka yetu akasema, "Bismillahi."

Sauti ilikuwa chini mno. Programu hii huweza kuikuza kupita kipimo cha kawaida, hadi asilimia 125, na kijana akaifikisha huko. Ukigusa kitufe kirefu cha chini, sauti husimama. Ukikigusa tena, huendelea. Kwa njia hiyo tuliandika deni moja moja katika daftari: muuza mbao, jirani aliyemkopesha mbegu, mchango wa msikiti alioahidi. Tulipofika kwa mama mmoja muuza nafaka sokoni, mambo yakakwama. Shemeji alisikia "laki moja na sitini". Mtoto mkubwa wa marehemu alisikia "laki moja na tisini". Sisi, tukiambiwa sitini, tulisikia sitini. Tukiambiwa tisini, tulisikia tisini.

Elfu thelathini si fedha ya kugombaniwa na watu wenye ng'ombe, lakini siku ile iligombaniwa. Mmoja alisema tutoe kubwa tuwe salama. Mwingine akajibu kwamba mali ile ni ya mayatima wadogo pia, nasi hatuna ruhusa ya kuwa wakarimu kwa chao. Wote wawili walisema kweli, na sauti zikapanda.

Kijana akatuomba tunyamaze. Akatokeza safu ya vitufe vya ziada ambayo hujificha mpaka iitwe, akagusa kile cha A na B: mara moja mwanzo wa neno, mara ya pili mwisho wake, na programu ikalirudia lile pekee bila kuchoka. Kisha akapunguza mwendo hadi nusu. Sauti haikuwa nzito kama ya kanda inayokufa betri; ilibaki ya kaka yetu, ila akisema polepole kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Hata hivyo hatukupata yakini. Baadaye tulifahamu sababu: umbo lile la simu halibebi sauti nyembamba zinazopita mitetemo 3,400 hivi kwa sekunde, na herufi S hukaa zaidi huko juu. Kisichorekodiwa hakirudishwi na kitufe chochote.

Tukaenda sokoni. Tulimwuliza yule mama anadai kiasi gani bila kumtajia yetu. Si Mwislamu, wala hakuwa na hati yoyote ya marehemu. Alitoa daftari chini ya mizani, akapekua, akasoma: 160,000. Yule aliyesikia tisini aliinama akatazama mahindi.

Tulidhani tumemaliza. Jioni hiyo mtoto wa mwisho wa marehemu, binti wa miaka tisa, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, akamwuliza kaka yake, "Mbona mstari haujafika mwisho?" Chini ya programu pana mstari unaosogea kadiri sauti iendavyo, na kando yake huandikwa urefu wote. Faili ilikuwa ya dakika sita na sekunde arobaini. Sisi tulikuwa tukiifunga kila mara dakika ya nne, marehemu aliposema "basi", na mvua ikabaki peke yake.

Tuliiacha iende. Mvua ilinyesha zaidi ya dakika nzima, akakohoa, kiti kikalia. Kisha akasema kwamba amesahau: fundi aliyewashonea wasichana sare za shule, elfu kumi na nane, na kwamba fundi huyo aliona haya kuidai.

Fundi alikwisha kuhama Turwa, yuko Sirari. Tulipata namba yake kwa majirani wake wa zamani, tukamtumia fedha kwa simu, naye akapiga papo hapo akidhani tumekosea namba. Mafungu yaligawanywa wiki iliyofuata.

Faili imenakiliwa mahali pawili. Shemeji huomba kuisikiliza baadhi ya usiku, na kijana akitaka kuivuta mbele ifike kwenye maneno, humwambia, "Iache na mvua yake."